PEDALI YA MAFUTA: KWA NINI TREKTA NA TINGATINGA HAVIENDESHWI KAMA GARI



Mwaka jana, baada ya Alasiri, alikuja kunitembelea kijana mmoja aliyesoma hapa kwetu ambaye sasa anajifunza kuendesha tingatinga katika kambi ya ujenzi wa barabara. Tulikaa barazani tukinywa chai, na katika mazungumzo akanambia: "Ustadh, siku ya kwanza nusura nitumbukie korongoni. Nilikanyaga mafuta nipate nguvu, mashine ikapoa. Nikaogopa nikatoa mguu, ikanguruma na kuruka mbele." Wenzake kambini walimcheka sana. Mimi sikumcheka, kwani nilielewa mara moja kilichompata. Kijana alikuwa amejifunzia udereva kwenye gari dogo, na mguu wake ulikuwa umekwisha kariri kwamba kukanyaga ni kuongeza na kuachia ni kupunguza. Tingatinga halikubaliani na kariri hiyo.

Baadhi yenu mtashangaa mwalimu wa fiqhi anatafuta nini kwenye matrekta. Kabla sijaenda kusomea diploma nilikaa miaka miwili katika shamba moja la mkonge, kwanza utingo na baadaye dereva, chini ya baba yangu mdogo aliyekuwa dereva mkongwe pale. Wengi wenu pia mnatoka katika kambi za mkonge, mnapishana na matrekta asubuhi na jioni mkija madrasa, na wapo (nawajua, msijifiche) wanaodandia trela. Kwa hivyo jambo hili lawahusu hata wasiotarajia kushika usukani maishani mwao.

Dereva anakanyaga nini hasa?

Sote husema "kanyaga mafuta". Kwa gari la petroli, maneno hayo si sahihi sana. Pedali ya gari hilo hufungua kijilango cha hewa kwenye njia ya kuingilia injini. Hewa ikiingia nyingi, petroli huifuata kwa kipimo chake, kisha plagi hupiga cheche na mchanganyiko huo huwaka. Dereva, kwa kweli, anakanyaga hewa.

Matrekta na mashine nzito, takriban zote, hutumia dizeli. Jina hilo latokana na Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ambaye injini yake ilifanikiwa kufanya kazi vizuri mwaka 1897. Humo hakuna cheche. Hewa huingia bure, bila kijilango katika injini nyingi za aina hii, kisha pistoni huibana mpaka ibaki katika nafasi ya sehemu moja ya 16 au ya 18 ya ile iliyokuwa nayo. Kitu kikibanwa hivyo hupata moto. Anayejaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono akigusa kitako cha pampu atalijua hilo. Ndani ya silinda joto hupita nyuzi 500 za Selsiasi, na hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo hushika moto yenyewe.

Basi katika injini ya dizeli kinachoamua nguvu ni kiasi cha mafuta kinachonyunyizwa, na kazi hiyo hufanywa na pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa injini. Tupige hesabu kidogo ili muone ilivyo kazi ya kupima. Injini ya silinda 3 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hupata mnyunyizo mmoja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 1,000. Kwa silinda zote ni minyunyizo 3,000 kwa dakika, au 180,000 kwa saa. Trekta likila lita 9 kwa saa kwa mwendo huo, kila mnyunyizo utakuwa sehemu moja ya ishirini ya mililita. Hilo ni kama tone moja tu la maji linalodondoka bombani. Na tone hilo ndilo linalokatwa nusu, robo au kuachwa zima, kufuatana na kazi iliyopo.

Je, mguu wa binadamu waweza kupima hivyo, huku trekta likiruka juu ya matuta na visiki? Hauwezi. Na hatari yake si ndogo, maana injini ya dizeli isiyo na mzigo ukiipa mafuta kupita kiasi, hata kidogo tu, itaongeza mwendo bila kukoma mpaka ivunjike. Ndiyo maana kati ya mguu na pampu kumewekwa mlinzi.

Gavana

Mlinzi huyo mafundi humwita gavana, na hapa simsemi gavana wa benki kuu. Asili yake ni ya zamani kuliko dizeli. Huko Ulaya vinu vya upepo vya kusagia nafaka vilikuwa na vizito vinavyozunguka ili kurekebisha mawe ya kusagia, na mwaka 1788 James Watt akatumia fikra hiyo kwenye injini yake ya mvuke.

Mliowahi kuwinga ndege kwenye mpunga kwa teo mnaijua kanuni yake. Ukizungusha teo polepole, jiwe linaning'inia karibu na mguu; ukizidisha kasi, jiwe linapanda na kuvuta kamba kwenda nje. Ndani ya gavana kuna vizito viwili au zaidi vinavyozungushwa na injini yenyewe. Injini ikienda mbio, vizito hutanuka na kusukuma wenzo unaopunguza mafuta. Ikipunguza mwendo, vizito hujikunja, na springi iliyo upande wa pili husukuma wenzo uleule kwenye kuongeza mafuta. Vizito vyavuta huku, springi yavuta kule, na mahali vinapotoshana nguvu ndipo injini inapotulia.

Sasa, pedali imefungwa wapi? Kwenye matrekta haikufungwa moja kwa moja kwenye mafuta. Imefungwa kwenye springi ile. Ukikanyaga, unaikaza springi, na springi iliyokazwa itahitaji vizito vizunguke kwa kasi zaidi ndipo viishinde. Maana yake, mguu hausemi "mimina mafuta kiasi hiki". Unasema "nataka mwendo huu", kisha gavana inatafuta yenyewe mafuta ya kutosha kuuleta mwendo huo.

Nieleze kwa mfano wa jikoni. Siku ya shughuli, mpishi wa sufuria kubwa aweza kumwambia kijana, "Weka kuni tatu, usiongeze." Upepo ukivuma au maji yakiongezwa, chungu kitapoa, na kijana hana kosa, ametii. Lakini akimwambia, "Chungu kisiache kuchemka," kijana atakaa anatazama, atasukuma kuni na kuzitoa kadiri ya haja. Malori mengi ya dizeli ya pampu za zamani ni kama kijana wa kwanza: gavana yao huzuia mwendo usishuke chini ya kiwango cha chini kabisa na usipite kiwango cha juu kabisa, na hapo katikati mguu ndio unaopima mafuta. Trekta ni kijana wa pili.

Faida yake mtaiona shambani. Dereva anapolima, jembe hukata udongo laini, mara huingia kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi. Injini inalemewa na mwendo unashuka kidogo. Vizito vinajikunja, mafuta yanaongezeka, na trekta linaendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Mkisimama kando mtasikia mlio ukinenepa kisha ukirudi, na dereva hajagusa chochote. Mwendo haurudi kamili, kwani gavana ya aina hii huhitaji kushuka kidogo ndipo ifanye kazi, lakini tofauti ni ndogo. Mzigo ukizidi uwezo, gavana itafika mwisho wa mafuta yake, moshi mweusi utatoka na injini itaanza kuzama. Hapo hakuna mguu utakaosaidia. Ni kupunguza gia au kuinua jembe.

Mkono na mguu

Trekta lina njia mbili za kuikaza springi ya gavana. Iko pedali ya mguu wa kulia, na uko wenzo wa mkono, karibu na usukani au ubavuni mwa kiti, ambao ukiusogeza unabaki palepale ulipouacha. Wenzo wa mkono ndio mkubwa wao kwa umri. Trekta dogo maarufu la Ferguson TE20, lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956 na kupita idadi ya nusu milioni, lilitoka kiwandani na mafuta ya mkono tu.

Mkono ni wa kazi ya shambani. Mtu hawezi kukanyaga pedali saa sita mfululizo kwenye shamba la matuta bila mguu kucheza, na mguu ukicheza, mwendo unacheza. Tena kuna kazi ambazo zadai mwendo maalumu. Nyuma ya trekta kuna shafti ya kuzungushia mashine nyingine, kama ya kufyekea majani au kupigia dawa, na mashine nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Dereva huweka mkono wa mafuta mahali panapotoa kiasi hicho, kisha anashughulika na usukani. (Nguo iliyolegea, kanzu, kitenge au ncha ya kilemba, isikaribie shafti hiyo hata kama inaonekana kuzunguka taratibu. Mara 9 kwa sekunde ni haraka kuliko mkono wako kurudi nyuma.)

Mguu ni wa barabarani, ambako mwendo hubadilika kila dakika. Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Kwenye trekta, mguu huongeza juu ya pale mkono ulipowekwa, lakini hauwezi kushuka chini yake. Mkono ukiwa chini kabisa, pedali inafanya kazi kama ya gari: ukiachia, injini inashuka mpaka kwenye mwendo wa kusimama, ule ambao mafundi wetu huuita sailensa. Lakini mkono ukiwa umepandishwa hadi mizunguko 1,800, ukiachia pedali injini itashuka mpaka 1,800 na itabaki hapo, na gavana itaulinda mwendo huo kwa uaminifu uleule inaoulinda shambani.

Nililijua hilo kwa maneno kabla ya kulijua kwa vitendo. Nilikuwa na umri wa miaka 20. Siku hiyo nilikuwa narudi na trela lililojaa majani ya mkonge, na kwa kuwa njia ni ndefu na mguu umechoka, nilipandisha mkono wa mafuta nikaweka mguu wangu raha. Madereva wengi hufanya hivyo. Nilipofika mteremko wa kuingia kambini nikaona watoto wanatoka chuoni, wamejaa njiani. Nikakanyaga pedali na kuiachia ghafla, kama mtu anayejikumbusha ipo, lakini trekta halikupunguza hata kidogo. Ilinichukua muda wa kutamka Bismillahi kuelewa kwamba mguu ulikwisha toa, mkono haujatoa.

Nikakanyaga breki, na hapo kosa la pili likanikuta. Trekta lina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya la kulia. Shambani huachwa zimetengana ili dereva akunje kona fupi kwa kuzuia gurudumu moja. Barabarani lazima zifungwe pamoja kwa kile kipande cha chuma. Mimi nilitoka shambani sikuzifunga. Nikakanyaga ya kulia peke yake, trekta likageukia kulia, trela likasukuma kwa nyuma, na tukaingia sote kwenye jiko la makuti la mama mmoja wa pale kambini. Alhamdulillahi mwenyewe alikuwa ameenda kisimani. Sufuria ya maharage sikuiona tena.

Baba mdogo alikuja mbio. Hakunigombeza mbele za watu. Alipanda, akasukuma mkono wa mafuta chini, akafunga pedali za breki pamoja, akashuka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mguu umetoa. Mkono je?" Jiko nilijenga mimi, kwa siku mbili na kwa makuti ya kununua.

Nilipaswa kufanya nini? Kabla ya kutoka shambani, kufunga breki pamoja na kushusha mkono wa mafuta hadi chini. Kabla ya mteremko, kuingiza gia nzito na kuacha injini izuie mzigo. Kukanyaga klachi katikati ya mteremko kungezidisha balaa, kwa sababu magurudumu yangeachana na injini na trela lingetusukuma litakavyo. Na kama pedali ya mafuta ingenasa kweli kwa sababu ya tope, au nyuzi za mkonge chini yake (hilo hutokea, nimezitoa kwa mkono wangu), kuna waya au kitufe cha kuzimia ambacho hukata mafuta kwenye pampu. Utingo naye akijue kilipo.

Na nyinyi mnaotembea barabarani, msipime kwa kumtazama dereva usoni. Huenda ameachia mafuta, amewaona, anawatolea macho, na trekta bado linakuja.

Tingatinga: kuachia ndiko kuongeza

Turudi kwa yule kijana. Tingatinga ni mashine ya minyororo yenye kisu kikubwa mbele. Wazee wa Kongwa, Urambo na Nachingwea waliyaona kwa wingi kuanzia mwaka 1947, Waingereza walipoyaleta kufyeka pori kwa ajili ya mpango wao wa karanga, ambao uliachwa mwaka 1951. Mawili yalikuwa yakivuta kati yao mnyororo wa nanga ya meli na kuangusha miti kwa safu.

Kazi ya tingatinga huhitaji nguvu karibu zote wakati wote, kwa minyororo na kwa pampu inayoinua kisu. Kwa hivyo mwendeshaji huweka mafuta ya mkono juu, mara nyingi hadi mwisho, na kuyaacha hapo. Mkono wake wa kushoto una kazi ya kuongoza mashine na kubadili mbele na nyuma. Wa kulia una kisu. Lakini kuna nyakati anahitaji kupunguza mwendo kwa muda mfupi: anapobadili kwenda nyuma, anapokaribia ukingo, anaposogelea jiwe au mtu. Hana mkono wa ziada wa kushusha mafuta na kuyapandisha tena kila dakika. Mguu ndio uliobaki bure, ukapewa kazi hiyo. Pedali hiyo huishinda nguvu ya mkono wa mafuta: kadiri unavyoikanyaga ndivyo injini inavyoshuka, na ukiiachia, injini inarudi juu palepale mkono ulipowekwa.

Ukilitazama vizuri, ni kinyume kamili cha trekta. Kwenye trekta mguu huongeza tu juu ya mkono; kwenye tingatinga mguu hupunguza tu chini ya mkono. Yule kijana alipoona ukingo akatoa mguu kwa woga, mwili wake ulidhani unapunguza mwendo. Mashine ilisikia amri ya kurudi kwenye kasi yote. Kilichomwokoa ni breki, ambayo ni pedali nyingine, na mwalimu wake aliyekuwa amesimama kando akimpigia kelele aikanyage. Katika baadhi ya mashine mpya pedali ileile ya kupunguza, ukiikanyaga zaidi kupita kituo fulani, inashika na breki. Hilo husaidia, ila si kila mashine inayo.

Mashine nyinginezo nitazipitia kwa haraka. Shepeli la magurudumu, lile linalopakia mchanga kwenye malori, lina pedali ya mafuta kama ya gari, lakini kwenye mengi yake breki ya kushoto hukata pia nguvu ya gia, ili mwendeshaji azuie magurudumu kwa mguu wa kushoto huku mguu wa kulia ukiongeza injini kuinua shepe upesi. Kijiko cha kuchimbia hakina kabisa pedali ya mafuta kwa kawaida: mwendo wa injini huwekwa kwa kitufe cha kuzungusha, na pedali mbili zilizo mbele ya kiti ni za kuendesha minyororo. Na hizo nazo zina mtego wake, kwani kibanda cha mwendeshaji kikigeuzwa nyuma mbele, pedali ya kwenda mbele humpeleka nyuma.

Kwenye mashine za miaka hii, vizito na springi vinaondoka taratibu. Chini ya pedali hakuna tena waya wa chuma. Kuna sensa inayopeleka umeme kidogo kwenye kompyuta ya injini, na aghlabu huwekwa sensa mbili ili zikihitilafiana kompyuta ijue pana kasoro na ishushe mwendo. Kompyuta ndiyo inayohesabu mizunguko na kupima lile tone la dizeli. Hata hivyo bado inafanya kazi ya gavana, na kanuni ya mkono na mguu imebaki ileile, kwa kuwa waundaji wanajua miguu ya madereva imezoea nini.

Kijana wetu ameniambia kwamba siku hizi kila anapopanda mashine asiyoijua, huteremsha kisu hadi ardhini, hufunga breki ya kuegesha, huiacha gia katika hali ya kutokwenda, hupandisha mafuta ya mkono hadi katikati, kisha hukanyaga pedali na kusikiliza. Mlio ukipanda, anajua ni ya kuongeza. Ukishuka, anajua ni ya kupunguza. Kambini walimcheka kwa hilo pia, kwa wiki moja hivi, mpaka msimamizi akaamrisha wageni wote wafanye kama yeye.